Ndiyo ya Madamu

Kwenye avenyu yetu ya Rugenge, mjini Uvira, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Madamu tu, kwa sababu alitufundisha Kifaransa karibu sisi sote, kisha wadogo zetu, kisha watoto wetu, mpaka alipopewa pensheni. Hata shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu mwenye mvi kichwa kizima, akipita mbele ya nyumba yake alitoa mikono mfukoni. Mimi ni seremala. Karakana yangu na nyumba yake ziligusana ukuta, na kwa miaka mingi nilipiga misumari huku nikimsikia akiongea upande wa pili.

Sauti yake ilikuwa ya kusahihisha. Nilipofungua karakana nilichora kibao kikubwa kwa rangi nyekundu: MENUISSERIE MODERNE, yaani useremala wa kisasa. Nilikipenda sana kile kibao. Siku iliyofuata nilitoka kununua mbao, nikarudi nikakuta herufi moja ya S imefunikwa kwa mkaa, kwa uangalifu, bila kuchafua zile za pembeni. Madamu alikuwa barazani kwake anachambua mboga za lengalenga. Hakunyanyua macho.

"S moja inatosha," akasema. "Ile ingine weka, utaitafutia kazi siku ingine."

Kanisani ilikuwa vilevile. Kijana wa matangazo akikosea neno, Madamu alilitamka sawasawa kutoka benchi lake, si kwa nguvu, lakini kwa sauti iliyosikika mabenchi matatu mbele na matatu nyuma. Yule kijana mwishowe alichoka, akaanza kuja kwake kila Jumamosi kumsomea matangazo kabla ya kuyasoma mbele ya watu. Madamu alimpa chai, akamsahihisha, na Jumapili alikaa kimya akitabasamu kama mzazi.

Na redio aligombana nayo pia. Mtangazaji akisema jambo asilolikubali, alimjibu, akamkatiza, kisha akazima redio ili kumwadhibu. Baada ya dakika chache ungeisikia imewashwa tena, kwa sauti ya chini, maana habari bado alizitaka.

Viti vyake vya plastiki hakumwazima mtu. Harusi ipite, matanga yapite, jibu lilikuwa lilelile: "Kiti kinatoka na miguu ine, kinarudi na tatu." Watu walimwita mchoyo, na kwa viti alikuwa mchoyo kweli. Lakini ule mwaka ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za chini, ni yeye aliyefungua mlango kabla ya mtu yeyote kumwomba. Familia mbili zililala sebuleni kwake kwa wiki nyingi, na watoto wao walivifanya vile viti kuwa mitumbwi, wakavipiga makasia kwa mwiko. Hakuwakataza. Alichofanya ni kuwafundisha neno la Kifaransa la kasia.

Wakati uleule shefu wa avenyu alikuja kumwambia ahame, maana maji yalikuwa yanakaribia.

"Shefu, umeona maji kwangu?"

"Bado, Madamu. Lakini yanakuja."

"Basi yakifika, nitayaambia minye mwenyewe."

Shefu alirudi tena, akarudi na mara ya tatu, na kila mara alipewa jibu na kikombe cha chai. Maji yalifika kwenye banda la mabata yake, yakakaa pale, kisha yakaanza kurudi. Mabata aliyaingiza chumbani kwake. Niliyasikia asubuhi kupitia ukuta, yakipiga kelele, naye akiyaambia yaongee kwa zamu.

Nimesimulia haya ili ieleweke ni mtu wa namna gani. Hapana ilikuwa mdomoni mwake muda wote, na haikumgharimu kitu. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipompeleka hospitali sikuamini nilichokiona.

Alikuwa na malaria. Kijana ambaye Madamu alimlea, mtoto wa dada yake, yuko Kanada miaka mingi sasa, na ndiye aliyenipigia simu akaniomba nimsindikize. Nilimkuta Madamu ameoga, amevaa kikwembe chake cha Jumapili na viatu vya kufunika, mkoba juu ya magoti. Nilifikiri homa imemchanganya. Tulipofika, muuguzi akaanza kumuuliza.

"Kichwa kinauma, mama?"

"Ndiyo."

"Na tumbo?"

"Ndiyo."

"Kuna dawa yenye inakudhuru?"

"Ndiyo."

Muuguzi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Madamu. "Madamu, kuna dawa inayokudhuru?" nikamuuliza.

"Apana," akasema haraka, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

Njiani kurudi alikuwa Madamu tena. "Ule kijana anauliza vibaya. Hangoji jibu."

"Lakini wewe ulimjibu ndiyo."

"Nilimujibu kwa adabu." Akatembea kidogo, kisha akaongeza: "Muntu wa koti nyeupe hawamubishie. Ukimubishia, siku uko na shida kabisa, anakuweka mwisho."

Hakuwa anatania. Mwanamke aliyemkatalia shefu wa avenyu mara tatu aliamini kwamba mbele ya dokta kinga ya mgonjwa ni kukubali kila kitu.

Ugonjwa mkubwa, uliokuja baadaye, aliuficha. Mke wangu ndiye aliyejua kwanza, maana walifua nguo pamoja. Aliniambia Madamu anakojoa damu, si kila siku, na ametuamuru tusiseme. Nilisema. Nilimpigia kijana wa Kanada, naye akampigia Madamu, na kwa siku mbili sikupewa hata salamu kupitia ukuta. Lakini alikwenda.

Dokta aliyempokea alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, mtoto wa milimani, wa familia ya wafugaji wa ng'ombe huko juu. Alikuwa anaongea haraka, kama mtu ambaye nje ya mlango wake kuna benchi limejaa, na kweli lilikuwa limejaa. Alimpima kwa ekografi, ile mashine ya kutazama ndani ya tumbo, akatutuma Bujumbura kwa skana. Wiki ile mpaka wa Kavimvira ulikuwa wazi, tukavuka asubuhi tukarudi jioni. Madamu hakuuliza mashine ile inatafuta nini. Alilala ndani yake na viatu vyake nje, vimepangwa sambamba.

Majibu yalisomwa mbele yangu. Simu ya Madamu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na ndani yake alikuwa kijana wa Kanada. Dokta alieleza kwa Kifaransa, kijana akauliza kwa Kifaransa, na wote wawili waliongea juu ya kichwa cha mwalimu wa Kifaransa kana kwamba yeye ni mzigo unaosubiri gari. Dokta alikosea neno moja. Niliona midomo ya Madamu ikicheza, kisha ikafumba.

Nilichokielewa mimi ni hiki: kwenye figo la kushoto kulikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu, na ulikuwa kansa kwa kadiri picha zilivyoonyesha. Figo la kuume halikuwa na uvimbe, lakini presha ya miaka mingi ilikuwa imelidhoofisha. Bukavu kulikuwa na dokta wa upasuaji anayeweza kulitoa lile la kushoto.

"Watoe," alisema kijana kwenye simu. "Haraka. Kila kitu nitalipa minye."

Dokta akageuka. "Mama, umekubali?"

"Ndiyo, Dokta."

Ikawa imekwisha. Dokta akapiga simu Bukavu, akamtafutia kitanda, akatupa siku ya kwenda. Madamu alimshukuru kwa kuinama kidogo. Tulirudi nyumbani. Alivua viatu, akayapa mabata pumba, akanawa mikono, akakaa barazani.

"Bukavu siendi," akasema.

"Madamu, umetoka kukubali sasa hivi."

"Nilimukubalia yeye. Sikukubali kwenda."

Nilimwambia maneno mengi, mke wangu naye akamwambia yake. Siku ya safari ilipofika, gari la kwenda Bukavu liliondoka bila yeye. Alikuwa anachambua mboga.

Mchana simu yangu ikalia. Alikuwa dokta, na alikuwa amekasirika. "Fundi, mugonjwa wako iko wapi? Bukavu wananiuliza."

"Yuko kwake, Dokta."

"Si alikubali? Weye ulikuwa pale. Ulisikia."

"Nilisikia. Alipofika nyumbani alisema haendi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Sijui, Dokta."

Nyuma yake nilisikia mtoto analia na mtu anaita jina la mgonjwa mwingine. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa: "Mulete Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wachache. Na ule wa Kanada asikuwe kwenye simu kwanza."

Madamu alijua anaenda kukaripiwa. Alivaa kikwembe kilekile, viatu vilevile. Dokta naye, nilimwona, karipio alikuwa nalo tayari kooni. Alilimeza. Alivuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akakaa upande wetu.

"Madamu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "ile siku niliongea mingi. Sijui kama nilieleza vizuri ao vibaya. Niambie weye, kwa maneno yako, kile ulisikia."

"Ndiyo, Dokta."

"Apana. Hii haijibiwe ndiyo. Nieleze."

Madamu akanitazama, nami nikatazama sakafu, sikuwa na msaada. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa. Halafu akaanza, polepole, na kadiri alivyoendelea sauti ikarudi kuwa ile niliyoijua.

Alisema figo la kushoto lina kansa. Alisema la kuume limekufa zamani kwa sababu ya presha. Kwa hiyo, alisema, wakitoa la kushoto hakuna kinachobaki, na mtu hawezi kuishi bila figo. Alielewa kwamba dokta na kijana wa Kanada wameona hakuna njia, na wameamua apelekwe Bukavu akafie mahali pazuri, penye shuka safi, kijana asije akaambiwa hakufanya kitu. Alisema hawalaumu. Lakini kama ni kufa, angependa kufia nyumbani kwake.

Alisema hayo yote kama anayefunga somo.

Dokta alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka mezani. "Madamu, umebeba hii wiki yote?"

"Ndiyo."

Hii ilikuwa ndiyo ya kweli. Dokta alijipangusa uso kwa kiganja. "Figo ya kuume imechoka," akasema. "Haijakufa. Iko inafanya kazi, polepole. Minye njo nilikosea kusema."

Akachukua karatasi, akachora mafigo mawili, moja kubwa lenye kinundu, jingine dogo, na akaanza upya kwa Kiswahili chetu. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kutoa figo lote la kushoto, Bukavu: ugonjwa unaondoka, lakini lile lililochoka linabaki peke yake, na likishindwa mtu anahitaji mashine ya kumsafishia damu, mara kwa mara, maisha yake yote, na Uvira mashine hiyo haipo. Ya pili, kukata uvimbe tu na kuacha figo: ni nzuri zaidi, lakini ni upasuaji mgumu zaidi, ingebidi kwenda mbali, nje ya nchi. Ya tatu, kungoja.

"Kungoja ni kuachwa?" akauliza Madamu. Lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumsikia akiuliza ndani ya hospitali.

"Apana. Kungoja ni kazi. Utakuja hapa, nitaupima ule uvimbe. Tutashusha presha, utapunguza chumvi, ile figo ya kuume ipumue. Uvimbe kama huu, kwa muntu wa umri wako, mara nyingi unakua polepole. Ukianza kukimbia, tunakaa tena hapa, sisi wote, tunaongea upya."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi. Si kila mara. Unaweza kutoroka kwenda kwenye mapafu mbele ya sisi kuuona. Siwezi kukuahidi, Madamu. Hii njia iko na hatari yake, na zile zingine ziko na yao."

Alimwacha afikirie. Nje kulikuwa na mama anayepiga deki. Kisha dokta akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mu hizi zote, unaogopa nini zaidi?"

Ndipo tulipoisikia habari ya dada yake. Alikuwa mama wa yule kijana wa Kanada. Alipelekwa Bukavu akiwa anatembea kwa miguu yake, Madamu akiwa mlinzi wake, wa kumuuguza kitandani. Kila asubuhi walikuja watu wa makoti meupe wakaongea kitandani, wakauliza, na dada akajibu ndiyo, naye Madamu akajibu ndiyo. Dada alifanyiwa hiki, akafanyiwa kile. Siku moja dada hakuamka. "Sisemi walikosea," Madamu alisema. "Labda hakukuwa kitu cha kufanya. Lakini mupaka leo sijui alikuwa na nini. Nilirudi na sanduku na mutoto wake akaniuliza mama alikufa na nini, minye mwalimu nikakosa jibu."

Dokta hakusema pole. Alisema, "Hapa utajua. Hata kama ni mubaya, utajua."

Madamu alichagua kungoja. Lakini kabla ya kusimama alitaka kuhakikisha, akairudia ile njia ya tatu kuanzia mwanzo, pamoja na hatari zake, na dokta akamsahihisha mahali pamoja.

Kijana wa Kanada hakufurahi. Alipiga jioni ileile, na kupitia ukuta nilisikia nusu ya mazungumzo, nusu ya Madamu. Nadhani alikuwa anamwambia kwamba anadanganywa kwa sababu hospitali yetu haina vifaa. Madamu alisikiliza, kisha akasema, kwa sauti ya darasani: "Weye, kaa kwanza."

Sijui kama huko Kanada alikaa, lakini alinyamaza. "Najua unataka niishi," Madamu akaendelea. "Na minye nataka. Namba ya dokta uko nayo. Muulize kila kitu chenye unataka kujua. Halafu uniache nifikiri na kichwa yangu." Yule kijana alimpigia dokta kweli, zaidi ya mara moja. Hakukubaliana nao moja kwa moja, na nisingependa kusema alikubali. Alikuwa ameshampoteza mama mmoja. Lakini alianza kuuliza badala ya kuagiza, na kila mwezi alituma dawa za presha alizoambiwa.

Basi wakaanza kungoja, dokta na Madamu, na hapo ndipo urafiki wao ulipokuja, kama naweza kuuita urafiki, maana waligombana kila mara. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa chumvi. Madamu alipenda ndagala, yaani dagaa wa ziwani, zilizokauka, zenye chumvi na pilipili, na bugali.

"Dokta, ndagala bila chumvi ni azabu."

"Basi kula mara moja kwa wiki."

"Mara mbili."

"Mbili, lakini kidogo."

"Ndagala zote ni kidogo, Dokta."

Alidanganya pia. Mke wangu alimkuta na sahani ya ndagala siku isiyo yake. Lakini miadi ilipofika, alimwambia dokta mwenyewe, kabla hajapimwa, kwamba presha ikiwa juu asitafute mbali. Lile neno la Kifaransa alilokosea dokta alilisahihisha hatimaye, mwaka mzima baadaye. Dokta alisema ahsante, lakini hakupendezwa.

Na dokta hakuwa malaika. Siku moja alikuwa amechoka, Madamu anauliza swali la nne, akamkatiza: "Madamu, wako watu kumi na tano huko nje." Niliogopa, nikafikiri ile sauti ndogo itarudi. Madamu alifunga mkoba wake. "Basi nitarudi wakipungua," akasema, akatoka, akaketi mwisho wa benchi mpaka adhuhuri, akipiga gumzo na mama mmoja aliyetoka Nyakabere na mguu umevimba. Benchi lilipokuwa tupu, dokta alikuja mlangoni mwenyewe. Akajibu swali la nne, na la tano.

Nilimuuliza wakati ule kwa nini sasa anaweza kumbishia dokta. Alisema hajui. Alisema labda ni kwa sababu siku ile ya Jumamosi dokta alisema amekosea, na hakuna kilichoanguka.

Niseme mambo yalivyoisha, ili msomaji asibaki na wasiwasi. Madamu yuko hai. Mwaka jana nilihama Rugenge, kazi ilikuwa imepungua, tukaenda Kiringye kwa wazazi wa mke wangu, na sasa ninatengeneza milango huko na kulima kidogo. Tunaongea kwa simu barabara ikiwa mbaya, na miaka hii mara nyingi ni mbaya. Amekwisha kupasuliwa. Figo la kushoto halipo tena. La kuume, lile lililochoka, linaendelea na kazi yake bila mashine, na dokta wa Uvira bado analipima. Wapangaji wapya wa karakana yangu ni vijana wa kutengeneza simu. Nimesikia kibao chao kimekwisha guswa na mkaa.

Lakini nikimfikiria, ninamwona siku ya mwisho tuliyoingia pamoja kwa dokta, wiki chache kabla sijahama.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ya hospitali ilikuwa tope tupu. Madamu alikuja na kandambili na kikwembe cha kawaida cha nyumbani. Dokta alimlaza, akapitisha kile kifaa cha ekografi ubavuni mwake, akarudia, akakipitisha tena. Madamu hakusubiri aambiwe.

"Umekua," akasema.

"Umekua, Madamu. Si kidogo."

Alijifuta, akajifunga kikwembe vizuri, akaja kukaa. Dokta akavuta kiti chake upande wetu, kama Jumamosi ile ya kwanza. Alimwambia uvimbe bado uko ndani ya figo, kwa kadiri anavyoona, lakini mwendo umebadilika. Alimwambia presha yake sasa ni nzuri na figo la kuume limepata nafuu kidogo, kwa hiyo upasuaji wa leo si ule wa mwanzo, una hatari ndogo kuliko zamani. Ndogo, si sifuri. Na kungoja kwa leo pia si kungoja kwa zamani.

"Weye ungefanya nini?" Madamu akauliza.

"Sijui."

"Kama ni mama yako?"

Dokta alitazama dirishani, ambapo matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye bati. "Mama yangu alikufa minye nikiwa bado shuleni," akasema. "Kule juu. Hakuna muntu alimuuliza kitu."

Madamu aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakumpa pole, na nilikumbuka kwamba naye hakupewa. Walikaa hivyo, wawili wasiojua, na mimi wa tatu. Katika miaka yote ya kuishi ukuta kwa ukuta, sikuwahi kumwona Madamu akikosa jibu kwa muda mrefu namna ile bila kuona aibu.

"Basi niulize minye," akasema hatimaye.

Dokta akageuka, akamtazama usoni. "Madamu, unataka tufanye nini?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikwembe, akaivaa tena.

"Bukavu," akasema. "Nataka kuingia kule na miguu yangu, mbele ya kuanza kubebwa. Na asubuhi wakija kitandani, nataka waongee na minye."

Dokta akasema atampigia mwenzake wa Bukavu na jambo hilo atamwambia kwanza, kabla ya mengine yote. Akavuta karatasi ya kumwandikia, akafungua kalamu. Madamu akaweka mkono juu ya karatasi.

"Usiandike kwanza," akasema. "Nieleze tena ile hatari ya figo ya kuume. Polepole. Sijaelewa yote."

Dokta akafunga kalamu, akaanza mwanzo.